Aliyeshindwa Hutoa Mji

Ndugu msikilizaji, mtoto yeyote aliyekulia pwani au bara anaujua utaratibu wa vitendawili. Mmoja anaita, "Kitendawili!" Wenzake wanaitika, "Tega!" Anatega. Wenzake wanabahatisha mara ya kwanza, mara ya pili, wanashindwa. Hapo mtegaji anadai: "Nipeni mji." Anapewa Tanga, anaukataa. Anapewa Mombasa, anaukubali, anajisifu kidogo jinsi alivyokwenda huko akala na kunywa, kisha anatoa jibu. Hata kama mtu amegawa miji kumi kwa usiku mmoja, anakwenda kulala akiwa na mali ile ile aliyokuwa nayo jioni.

Leo nataka tuzungumze juu ya ndugu wa mbali wa kitendawili, yaani mchezo wa kompyuta wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Unaonyeshwa picha ya chumba kilichojaa vikorokoro: masanduku, nguo, saa za ukutani, vyombo vilivyovunjika. Chini ya picha kuna orodha: tafuta ufunguo, tafuta mkasi, tafuta kinyonga. Ukivipata vyote, mlango unafunguka na hadithi inasonga mbele, mara nyingi hadithi ya mauaji au ya mtu aliyepotea.

Wapo wanaoudharau mchezo huu wakisema ni wa kina mama wasio na kazi. Mimi nimeucheza kwa miaka mingi, na nasema wanaoudharau hawajui historia yake. Katika historia hiyo limo swali linalotuhusu sote wenye simu mfukoni: aliyeshindwa anatoa mji gani?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1901 mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling alitoa riwaya iitwayo Kim. Ndani yake yumo kijana yatima anayefunzwa ujasusi katika India iliyotawaliwa na Waingereza. Huko Simla, mfanyabiashara wa vito aitwaye Lurgan anamwekea sinia la vito, anamwacha alitazame, halafu analifunika na kumtaka ataje kila kilichokuwamo. Kim anashindwa, tena na mtoto mdogo kuliko yeye. Anaambiwa siri ni mazoezi, na anayarudia mpaka jicho lake linakuwa kali.

Mwaka 1908 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliuchukua mchezo huo akauingiza katika kitabu chake Scouting for Boys. Ukaitwa Mchezo wa Kim, ukaenea popote skauti walipofika. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake katika Afrika Mashariki. Alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1938, akafariki huko Januari 1941, na kaburi lake lipo pale hadi leo. Aliyepata kuvaa skafu ya skauti katika nchi zetu atakumbuka vitu vilivyofunikwa kwa kitambaa: kifungo, penseli, kisu, kiberiti. Kitambaa kikifunuliwa unatazama kwa dakika moja, kinarudishwa, unaandika ulivyoviona.

Kwa hiyo mchezo huu unaoitwa wa wasio na kazi ulizaliwa katika hadithi ya wapelelezi na ukalelewa na mwanajeshi. Kuona kile ambacho wengine hawakioni ilikuwa kazi ya dola.

Baadaye mchezo uliingia kwenye karatasi. Jarida la watoto la Marekani, Highlights, lilianza mwaka 1946 na likajulikana kwa picha zake zilizofichwa: mti ambao matawi yake, ukitazama vizuri, yana kijiko, kitana na kikombe. Mwaka 1987 Mwingereza Martin Handford alitoa kitabu cha Wally, kijana mwenye miwani na fulana ya mistari myekundu na myeupe, anayejificha katikati ya umati wa mamia ya watu. Huko Marekani wakambadili jina wakamwita Waldo. Kitabu kilinunuliwa mara moja tu. Mtoto akishindwa kumpata Wally alimwita kaka yake, na kaka hakutoza senti.

Wakati huohuo, upande wa kompyuta, mkondo mwingine ulikuwa unatiririka. Katikati ya miaka ya 1970 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Will Crowther, aliyekuwa akipenda kuingia mapangoni, alitengeneza mchezo wa kutembea ndani ya pango kubwa lililofanana na pango halisi la Mammoth huko Kentucky. Alikuwa ametengana na mkewe, na mchezo huo aliutengeneza ili mabinti zake wapate kuucheza. Haukuwa na picha hata moja. Kompyuta iliandika unachokiona, nawe ukaandika unachotaka kufanya: chukua taa, nenda kaskazini. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua na ukaenea katika vyuo.

Mmoja wa waliouonja ulevi wa mchezo huo alikuwa mama mwenye watoto wadogo, Roberta Williams. Alibuni hadithi yake mwenyewe na kuichorea picha, na mumewe Ken akaandika programu. Mwaka 1980 wakatoa Mystery House, mchezo wa kompyuta ya Apple II, wenye nyumba ya zamani, vito vilivyofichwa na wageni wanaouawa mmoja baada ya mwingine. Michoro ilikuwa ya mistari mitupu, nyeupe juu ya weusi, lakini huo ndio mlango ambao michezo ya hadithi ilipitia kutoka kwenye maneno kwenda kwenye picha. Anayesema kina mama ni wageni katika michezo hii akumbuke ni nani aliyeufungua mlango huo.

Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst kwenye sidii. Ni kisiwa kisicho na watu, kilichochorwa kwa uzuri uliowashangaza wengi. Hakuna bunduki, hakuna saa inayokukimbiza. Kuna kutazama na kufikiri tu. Myst iliuza zaidi ya nakala milioni 6, na kwa miaka mingi hakuna mchezo wa kompyuta ya nyumbani uliouza kuliko huo, mpaka The Sims ilipoupita mwaka 2002.

Mikondo hii miwili, wa picha za kutafuta na wa hadithi za kutanga, ilikutana Seattle. Kampuni ya Big Fish Games ilianzishwa huko mwaka 2002 na Paul Thelen, na mwaka 2005 ikatoa Mystery Case Files: Huntsville. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst, yenye nyumba ya kutisha na shajara ya mwanamke iliyochanwachanwa, na mwaka 2008 Return to Ravenhearst, ambayo mchezaji alizunguka chumba hadi chumba akibeba vifaa alivyovipata. Tangu hapo sura ya mchezo huu ikawa imekamilika.

Biashara yake ilikuwa rahisi kueleweka. Uliupakua mchezo kwenye intaneti, ukaucheza saa moja bure. Ukikupendeza, ulilipa, mwanzoni kama dola 20, baadaye chini ya dola 10. Ukishalipa ni wako. Wateja wengi walikuwa wanawake watu wazima, ambao makampuni makubwa ya michezo yalikuwa hayawatengenezei kitu. Kazi ya kuwatengenezea ikaenea hadi Ulaya ya Mashariki: Poland kwa Artifex Mundi, Serbia kwa Eipix, Urusi kwa Elephant Games. Vijana wachoraji wa miji ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia walipata riziki kwa kuchora majumba yenye mizimu.

Sasa niseme maoni yangu kama mchezaji wa siku nyingi. Mchezo mzuri wa aina hii unajulikana kwa mambo matatu.

La kwanza, kitu kiwe mahali panapokistahili. Shoka liwe bandani, shajara iwe chini ya mto. Mtengenezaji mvivu hutupa samaki kwenye rafu ya vitabu na taji la mfalme jikoni, na hadithi inakufa hapohapo. Mchezaji anaacha kuwaza ni nani aliyemuua mwenye nyumba, anabaki kupekua jalala.

La pili, kitu kifichwe kwa akili, kisifichwe kwa giza. Kupaka picha weusi mpaka macho yaume si kutega kitendawili. Kitendawili kizuri, ukipewa jibu, unajipiga paji la uso na kusema, "Kumbe kilikuwa mbele yangu!"

La tatu ni maneno, na hili sisi tusiozaliwa na Kiingereza tunalijua zaidi. Orodha ikisema "bow", unatafuta upinde, kumbe wanataka utepe uliofungwa. Ikisema "bat", unatafuta popo, kumbe ni gongo la kriketi limeegemezwa ukutani. Wapo waliojifunza kwa njia hii maneno ambayo mwalimu wa darasani hakuwahi kuyataja. Na mimi hujiuliza, ingekuwaje kwa lugha yetu? Orodha iseme "mbuzi", mchezaji atafute mwenye pembe, kumbe mbuzi wa kukunia nazi yuko pale chini ya meza. Iseme "paa", atafute mnyama, huku paa la nyumba liko juu yake. Iseme "ndege", iseme "tembo", iseme "kaa". Kiswahili kimejaliwa hazina ya kutegea, na vijana wetu wenye kompyuta na kalamu ya kuchorea wanaikalia bila kuitumia.

Turudi kwenye mji. Katika michezo hiyo ya kununua, ukikwama unabonyeza kitufe cha msaada, kitu kinamulikwa. Adhabu yake ni kusubiri kidogo kabla ya kukibonyeza tena. Huo ni mji wa kitendawili hasa: unatoa fahari yako, unabaki na fedha yako.

Mambo yalibadilika michezo ilipohamia Facebook na kwenye simu. Mwaka 2011 Gardens of Time ilivuta mamilioni ya watu, na mwaka 2017 kampuni ya Wooga ya Berlin ikatoa June's Journey, hadithi ya miaka ya 1920 ya mwanamke anayechunguza kifo cha dada yake. Kuingia ni bure. Michoro ni mizuri, hilo sikatai. Lakini kila picha unayoifungua inakula nguvu, na nguvu zikiisha unasubiri zijae polepole, au unalipa. Ili usonge mbele unahitaji nyota, na ili upate nyota unarudia picha ile ile mara kadhaa. Anayelipa hupita haraka. Asiyelipa hukaa kizuizini, akiitwa na simu kila nguvu zinapojaa.

Hapa mtegaji amejifunza jambo ambalo bibi zetu hawakulifikiria: kudai mji wa kweli. Tena hadai mara moja. Anadai leo dola mbili, kesho tano, na hakuna siku utakayoambiwa umemaliza kulipa, kwa kuwa hadithi yenyewe haijaandikwa mwisho.

Tazama pia ni nani waliovutiwa na biashara hii. Mwaka 2014 Big Fish ilinunuliwa na Churchill Downs, wenye uwanja maarufu wa mbio za farasi huko Kentucky. Mwaka 2018 ikauzwa kwa Aristocrat ya Australia, watengenezaji wa mashine za kamari, kwa dola milioni 990. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba chipu za kuchezea katika mchezo mwingine wa kampuni hiyo, Big Fish Casino, ni kitu chenye thamani kwa sheria ya kamari ya jimbo la Washington, ingawa hazibadilishwi kuwa fedha. Mwaka 2020 makampuni hayo mawili yalikubali kulipa dola milioni 155 kumaliza mashauri. Sisemi kutafuta mkasi kwenye picha ni kamari. Kesi hiyo haikuhusu michezo ya kutafuta. Nasema tu kwamba farasi na mashine za kamari hazinunui duka bila kujua linauza nini.

Ndugu msikilizaji, kucheza si dhambi, na mtu mzima aliyechoka na kazi ana haki ya kupumzisha akili yake mbele ya picha nzuri. Ushauri wangu ni mdogo. Kama unaupenda mchezo huu, tafuta ule unaouzwa mara moja, wenye mwanzo na mwisho, ulipe bei yake na uwe wako. Ule wa bure upime kwa mwezi mzima, usiupime kwa siku ya kwanza: hesabu ulicholipa, hesabu na saa ulizosubiri. Na kama simu yako inachezewa na mtoto, hakikisha namba ya siri ya kulipia haijui, maana mtoto akidaiwa mji hutoa bila kufikiri.

Tena jioni moja umeme ukikatika, waite watoto uwategee. Wakishindwa, wadai mji. Wakikupa Mombasa, usikubali haraka.