Kihatarishi, Si Kisababishi

Waliokaa kutafsiri mabango ya afya wametuachia "visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza". Wenzao, kwa kujiona waangalifu zaidi, wakaandika "viashiria hatarishi". Maneno yote mawili yamekosewa, na kosa huonekana hapa Ifakara, Tanzania, kuliko kwingine. Tangu mtafiti wa Uswisi Rudolf Geigy aanzishe maabara yake hapa miaka ya 1950, mji huu umekuwa ukitafiti magonjwa, malaria ikiwamo, na kwenye malaria neno kisababishi lina haki yake: pasipo vimelea, hapana ugonjwa. Lakini mwanachuo wa hapa mtaani Mlabani anayenyunyizia chipsi mayai chumvi juu ya chumvi, akateremshia na soda, kisha akapanda bodaboda kurudi hosteli katika mji huu tambarare wa baiskeli, hajameza kimelea cha presha. Amejiongezea uwezekano wa kuugua, basi. Mwenzake atakula vivyo hivyo asiugue, na mwingine ataugua hata kama chumvi yake ni ya kupima.

Kiashiria nacho huonyesha kilichopo tayari, kama sukari nyingi kwenye damu inavyoonyesha kisukari. Chumvi haionyeshi kitu, inatenda. Dhana hii ya kitu kinachoongeza uwezekano wa kuugua ilipewa jina mwaka 1961, William Kannel na wenzake walipoandika kuhusu wakazi wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa mioyo yao tangu 1948, na neno walilolitumia, "factor", asili yake ni Kilatini, "mtenda". Kiswahili kina umbo la mtenda tangu zamani: rutuba ikazaa rutubisha, nayo ikazaa kirutubishi; hatari ikazaa hatarisha, nayo ikazaa kihatarishi. Maofisa lishe hutamka kirutubishi bila haya. Ndugu yake wa tumbo moja amekosa nini?

Wapo watakaosema kuwa wakaguzi wa hesabu wamekwishalitwaa neno hili, kwamba "usimamizi wa vihatarishi" wao unahusu hatari yenyewe. Kosa halifuti sarufi kwa kugongwa mhuri: kinachohofiwa ni hatari, kinachoileta ni kihatarishi. Wengine hudai mwananchi anaelewa "chanzo". Anaelewa, tena kupita kiasi: mwambie chumvi ndiyo chanzo cha presha, atakutajia babu yake aliyekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili, na mjadala umekwisha. Matumizi ni mepesi: sigara, pombe, ulaji mbaya na kutoushughulisha mwili ni vihatarishi, chumvi nyingi ni kihatarishi cha presha. Anayekataa alete neno lake pamoja na mnyambuliko wake, si orodha ya wajumbe waliolipitisha.