Kiunzi cha Kuazima

Msomaji mpenzi, usishangae ukinikuta mimi, mtu wa nchi ya pamba, nikizungumza habari za michezo ya kompyuta. Nimeishi Bariadi tangu ilipokuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, hadi mwaka 2012 ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Katika miaka hiyo yote swali moja limenifuata: kitu kilichobuniwa na wengine hugeukaje kuwa cha kwetu? Nimelipata jibu mahali nisipopatarajia, nami naona si vema kukaa nalo peke yangu.

Michezo ninayoizungumzia ni ile iitwayo edvencha. Mchezaji humwongoza mtu ndani ya hadithi, akazungumza na wenyeji, akaokota vitu na kufumbua mafumbo. Mwanzo wake ni pangoni. Will Crowther, mtengenezaji wa programu wa Massachusetts, Marekani, alipenda sana kuingia mapangoni, na alishiriki katika kazi ya kuchora ramani ya mapango makubwa ya Mammoth Cave huko Kentucky. Ndoa yake ilipovunjika, mnamo mwaka 1975 na 1976, aliandika mchezo ili binti zake wapate cha kuchezea wanapomtembelea. Haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza kwa maneno mahali ulipo, nawe ukaandika unachotaka kufanya. Ndani yake alitia ramani ya pango la kweli, akachanganya na mambo ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji hujifanya mashujaa. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akauongezea hazina na mafumbo mengi zaidi. Kwa hiyo edvencha ilizaliwa ikiwa mseto, na anayesema kuwa aina hii ina mipaka mitakatifu hajaijua asili yake.

Baadaye kazi hii iliingia viwandani. Ilionekana ni hasara kuandika kila mchezo upya tangu mwanzo. Mwaka 1987, Ron Gilbert na Aric Wilmunder walipokuwa wakitengeneza Maniac Mansion, walijenga kwanza chombo cha kutengenezea, wakakiita SCUMM. Chombo cha namna hiyo huitwa injini. Sisi wa Simiyu tunaweza kukielewa kwa kukifananisha na kinu cha kuchambua pamba: mashine imekwisha kufungwa, wewe unaleta pamba yako tu. Lakini hapo hapo swali linazuka. Kinu cha pamba hakikoboi mpunga. Je, injini ya edvencha yaweza kubeba mchezo wa aina nyingine?

Historia inajibu kuwa yaweza. Mwaka 1989 Lori na Corey Cole, wakitumia injini ya edvencha ya kampuni ya Sierra, walitoa Hero's Quest, ambao baadaye uliitwa Quest for Glory. Mafumbo yalibaki, lakini shujaa alikuwa na nguvu zinazohesabiwa kwa namba, akapigana, akafanya mazoezi, akaongezeka uwezo kadiri siku zilivyokwenda. Mwaka 1997 Mwingereza Chris Jones alitoa injini ya bure, ambayo baadaye iliitwa Adventure Game Studio, na tangu hapo mtu yeyote asiye na kampuni wala mtaji akaweza kujaribu. Joshua Nuernberger, akiwa mwanafunzi huko California, aliitumia kutengeneza Gemini Rue, mchezo uliotoka mwaka 2011 ukiwa na upelelezi na mapambano ya risasi pamoja. Mwaka 2013 kikafuata Heroine's Quest, kilichojengwa kwa injini hiyo hiyo kwa kufuata nyayo za akina Cole.

Na sisi tulikuwa wapi? Tusijifiche. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Crowther alipokuwa akiwaandikia binti zake, huku kwetu mashine yenyewe ilikuwa ni kitu cha kukatazwa. Marufuku hayo yalilegezwa na kuondolewa ilipofika miaka ya 1990. Sitaki kuwahukumu waliofanya uamuzi ule; nchi ilikuwa na shida ya fedha za kigeni, na mashine zilizokuwapo zilikuwa zimetia hasara. Lakini gharama yake ni kwamba kizazi kizima cha vijana wenye akili hakikuwahi hata kuwa wanagenzi wa kazi hii.

Hata hivyo Afrika Mashariki haikulala. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa mwanamke Mwafrika anayetafuta vitu vya kale. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alinunuliwa kompyuta na mama yake, aliyeweka akiba miaka mitatu hadi akapata dola 300. Kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Kutoka hapo ukatokea Salaam, mchezo ambao mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita kuelekea kwenye amani.

Nasema haya kwa sababu ya mjukuu wa dada yangu. Anayo kompyuta ya mtumba, na kwa injini ile ya Chris Jones anatengeneza mchezo wa msimu mmoja wa pamba. Sehemu ya kwanza ni edvencha ya kawaida: unatembea kijijini, unazungumza na watu, unatafuta mbegu. Ya pili ni mizani: mkulima anapima pamba yake, na macho yake yasipokuwa makali anapunjwa. Ya tatu ni mashindano ya ngoma. Wenzake walimwambia aache hizo mbili za mwisho, kwa kuwa injini haikukusudiwa kwa mambo hayo, na mwanagenzi hapaswi kuchanganya.

Nilimwomba anioneshe inavyofanya kazi. Kila mahali katika mchezo huitwa chumba, hata pakiwa ni shambani. Ni picha moja ambayo unachora juu yake sehemu za kukanyaga na vitu vya kugusa. Chini ya picha kuna maandishi ya amri, na kuna fungu la amri ambalo injini hulirudia mara 40 kwa sekunde. Hapo ndipo alipoipachika mizani. Mara 40 kila sekunde kompyuta inauliza: mshale uko wapi, na mchezaji amebonyeza au bado? Basi. Kilichoonekana kuwa mchezo wa aina nyingine ni swali dogo linaloulizwa upesi upesi.

Kwa upande wa ngoma, nilimwambia kuwa injini ya mseto tunayo sisi tangu karne ya 19. Wazee husimulia habari za Ngika na Gumha, waganga na mafundi wa ngoma walioshindana, na kutoka kwao yakapatikana makundi mawili, Bagika na Bagalu. Kanuni zake ni chache mno. Baada ya mavuno pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndani ya kiunzi hicho kila kitu kinaingia. Bayeye huja na nyoka na dawa za kuumwa na nyoka. Banungule, wawindaji wa nungunungu, huja na yao. Wakulima huleta bugobogobo na majembe yao, wakiyarusha hewani. Manju huleta nyimbo za kusifu na za kukejeli. Uwindaji, uganga, kilimo na ushairi vimo uwanjani pamoja, na hakuna aliyewahi kusema ngoma imeharibika kwa kuchanganywa. Padri David Clement alipoanza kukusanya mambo ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, alikuta kiunzi hiki kiko hai; tamasha la Bulabo nalo likaingia ndani yake bila shida.

Kijana akaielewa hoja hii upesi kuliko nilivyotazamia. Katika mchezo wake sasa kuna namba mbili tu, watazamaji wa Bagika na watazamaji wa Bagalu, na kila unachofanya huwahamisha watu upande huu au ule. Hata mkulima uliyemtendea haki kwenye mizani anakuja kusimama upande wako. Hapo sehemu zake tatu zikawa kitu kimoja.

Nadhani hili ndilo la kujifunza. Mwanagenzi asione haya kuazima kiunzi. Hata akina Cole walianzia kwenye injini ambayo haikujengwa kwa ajili ya mapigano yao. Wala kuchanganya si kosa. Kosa ni kuweka vitu kandokando pasipo kanuni moja inayovifunga pamoja. Na kanuni hiyo ndiyo isiyoazimwa. Katika michezo mingi ya wageni mshindi ni anayebaki peke yake. Katika uwanja wa Usukuma, anayebaki peke yake ndiye aliyeshindwa. Kijana wa Bariadi anayelijua hilo ana jambo la kuiambia dunia, na mashine ya mtumba inatosha kulisema.

Ninalohofia ni kwamba wanaozijua kanuni za uwanja ni wazee, na wanaojua kuandika amri za kompyuta ni vijana, na makundi haya mawili hayakai pamoja. Basi mzee mwenzangu, kijana akikuomba umweleze Bagika walivyokuwa wakiwavuta watu, usimwambie kuwa hayo si ya kuchezea. Mwambie yote unayoyakumbuka, tena taratibu, ili apate kuyaandika.