Mlango wa Masomo ya Juu na Wale Wanaojifunza kwa Njia Nyingine

Sisi tukaao karibu na Nzilo twajua kazi ya lango. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière ilijenga ukuta mkubwa kuzuia mto Lualaba, ili maji yake yatoe umeme kwa ajili ya migodi. Maji yakizuiliwa pale, hakuna asemaye kwamba maji ni mavivu. Lakini mtoto akizuiliwa mlangoni pa masomo, mara twamwita mvivu.

Tutazame basi jinsi mlango huo ulivyojengwa katika nchi yetu. Programu ya shule ya mwaka 1948 iliwatenga watoto mapema. Baada ya miaka miwili tu, wengine walitiwa katika shule za kuchaguliwa, zilizoelekea sekondari; wengine walibaki katika shule za kawaida, na safari yao ikaisha upesi. Mtoto aliyechelewa kuunganisha herufi, hata akiwa hodari wa kufikiri, aliweza kupotea hapo hapo. Mwaka 1954 Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville, na mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hata hivyo tulingoja mpaka 1964 ndipo Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo, alipomaliza masomo ya Chuo Kikuu. Je, akili za wanawake zilizaliwa mwaka ule? Hasha! Zilikuwapo tangu zamani. Mlango ndio uliokuwa mwembamba.

Wako wengine ambao mlango ungali mwembamba kwao. Mwaka 1896 Pringle Morgan, mganga wa Uingereza, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu, asiyeweza kusoma. Mwalimu wake alishuhudia kwamba, kama mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo, kijana yule angewapita wenzake wote. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto wenye usonji. Watu wa namna hii hawakukosa akili; akili yao hufuata njia nyingine.

Kanisa lenyewe lina mfano wa kutufundisha. Yohane Maria Vianney alishindwa mtihani wa seminari ulioulizwa kwa Kilatini. Padre Balley, mwalimu wake, hakukata tamaa. Kijana akaulizwa tena, kwa Kifaransa, lugha ya kwao, naye akajibu vema. Mwaka 1815 akapewa upadri, na mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu. Hatusemi kwamba alikuwa na hali moja ya hizo. Twasema hivi tu: imani aliyoulizwa haikupunguzwa; namna ya kuulizwa ndiyo iliyobadilishwa.

Hiyo ndiyo maana ya sheria za siku hizi. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, yanayodai kwamba masomo ya juu yawe wazi kwao, pamoja na msaada unaofaa. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilitoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda.

Wengine watasema: wanafunzi ni wengi mno, na fedha hakuna. Ni kweli. Lakini kumwongezea mwanafunzi nusu saa ya mtihani, kumweka mahali pasipo kelele, au kumwuliza kwa mdomo, hakuhitaji mashine. Kwahitaji mwalimu anayekubali kwamba kuandika upesi si sawa na kujua.

Nasi tuungame kosa letu. Tuliwahi kumtoa kijana mmoja katika mafundisho ya katekisimu kwa sababu daftari lake lilikuwa tupu. Baadaye tulimsikia akiwafundisha wadogo zake somo lote, neno kwa neno, chini ya mwembe. Tulimrudisha; lakini alikuwa amekwisha kuacha shule, akiamini tulivyomwambia. Huyo hatafika Chuo Kikuu.

Basi, ninyi wazazi na walimu, kabla hamjamwita mtoto mvivu, mwulizeni kwa namna nyingine. Vidole vya mkono havilingani, na vyote ni vya mkono mmoja.