Mafuta ya gia kwenye Lualaba: kutoka meli za kuni hadi motere za mitumbwi

Hapa Ankoro, mahali Luvua inapoingia Lualaba, mwenye motere akisema "mafuta" anaweza kumaanisha vitu vitatu: esanse, mafuta ya kuchanganya na esanse, na yale mazito yanayokaa ndani ya mguu wa motere, chini ya maji. Hayo ya tatu hununuliwa mara chache, na ndiyo watu wanayoyakosea zaidi. Kosa hilo lina historia yake.

Reli ya CFL ilitoka Kabalo ikafika ziwani mwaka 1915, pale Kalemie palipoitwa Albertville. Reli ya Katanga ikafika Bukama mwaka 1918. Pengo lililobaki lilizibwa na mto: kutoka Bukama hadi Kongolo ni kilomita karibu 645 za maji yanayopitika, na Ankoro iko njiani. Meli za kampuni zilichoma kuni zilizokatwa na kurundikwa ukingoni, kazi ya jasho ambayo vitabu vya reli havina haraka ya kuieleza. Lakini mashine zake zilikuwa juu ya maji. Fundi aliona kila chuma kikizunguka, akatia mafuta kwa mkono pale palipolia. Mafuta yenyewe yalitoka stoo ya kampuni, na mwanakijiji hakuwa na la kuchagua.

Mwaka 1956 reli ya Kamina–Kabalo ilifunguliwa, na mizigo mingi ikapata njia ya nchi kavu. Watu wa mto walibaki na mto wao. Mpaka leo anayetoka Ankoro kupanda Luvua hadi Kiambi, kilomita kama 160, anahitaji chombo cha majini.

Motere ya kufunga nyuma ya mtumbwi ilikuwa imeshabuniwa mbali sana na hapa. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Marekani, alianza kuuza zake mwaka 1909. Injini inakaa juu, fimbo inashuka wima, na chini gia zenye meno ya mshazari zinageuza mzunguko ili elisi isukume chombo mbele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia motere nyingi zikapata pia gia ya kurudi nyuma. Kwa hiyo sehemu inayobeba nguvu yote ikafichwa ndani ya kisanduku kidogo, kimezungukwa na maji, kikilindwa na mipira myembamba na mafuta yasiyofika hata lita moja katika motere zetu za kawaida.

Hapo ndipo uchaguzi ulipotoka stoo ya kampuni ukaingia mkononi mwa mwenye mtumbwi. Wengi huchagua kwa uzito: wanamimina kidogo kwenye vidole, wakiona yanavutika wanalipa. Ndugu msomaji, vidole havitoshi. Mafuta ya gia SAE 90 hayazidi sana uzito wa mafuta ya injini SAE 40 au 50, kwa sababu namba hizo zinatoka katika vipimo viwili tofauti. Tofauti kubwa iko katika dawa zilizomo, hasa salfa, ambazo hulinda meno yasisagane yanapobanana kwa nguvu. Ndiyo sababu mafuta ya gia yana ile harufu kali. Alama GL-4 na GL-5 zinaonyesha uwezo huo, na kitabu cha motere ndicho kinachosema ipi inafaa. Mafuta ya gia yaliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini yana faida moja zaidi: yanaendelea kulinda hata maji kidogo yakipenya. Ya gari hayakuundwa kwa mto.

Chupa isiyo na maandishi haisemi lolote kati ya haya, na motere ikisaga gia katikati ya Lualaba, mkondo ndio unaoamua abiria watafikia wapi.

Kawaida hubadilishwa baada ya saa 10 za kwanza za motere mpya, kisha kila saa 100. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia na mpira umekwisha. Kubadilisha mafuta peke yake hakutatibu. Mapya hujazwa kutoka tundu la chini, polepole, mpaka yachuruzike kwenye tundu la juu. Ukianza na la juu, hewa hubaki ndani, na gia zitazunguka zikiwa na mafuta pungufu.