Remmy Ongala: mgeni aliyepewa kituo cha daladala



Ukipanda daladala za Sinza kule Dar es Salaam, utasikia konda anaita "kwa Remmy!" Wengi wa rika letu wanashuka pale bila kujiuliza Remmy ni nani. Sisi wa Nyanza-Lac tulimjua kwa kaseti za wazee waliorudi kutoka kambi za Tanzania, kaseti zilizochoka mpaka gitaa linasikika kama limezama ziwani.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Ni Mkongo kabisa, wa upande wa pili wa ziwa letu hili. Mwaka 1978 akafika Dar kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki, akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Baadaye ikaitwa Super Matimila.

Tukumbuke bendi za wakati ule ziliishi vipi. Vyombo vilikuwa vya tajiri, au vya chama, au vya shirika la serikali. Mwanamuziki alikuwa na vidole na koo lake tu. Wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania na kanda ilibaki kwao. Kwa hiyo mkate ulitoka ukumbini, usiku mzima, mpaka jogoo awike.

Gitaa lake lilikuwa la Kikongo, lakini maneno yalikuwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Aliimba habari za mnyonge asiye na haki, za kifo kisichochagua, za pesa na ubaguzi. Watu wakamwita Dokta. Yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya, na hapo sisi hucheka kila mara, maana nani anajitangaza hivyo?

Kaseti yake moja ilibebwa na rafiki hadi Uingereza, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Super Matimila wakapanda majukwaa ya Ulaya. Kisha kampuni ya Real World ikatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992.

Wimbo uliomletea maneno mengi ni Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. UKIMWI ulikuwa unamaliza watu, na wakubwa walikuwa wanazungumza kwa mafumbo. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Ukapigwa kumbini na kwenye kaseti, na vijana wakauelewa kuliko mabango ya semina. (Wa mashirika, hapo msikasirike.)

Hapa ndipo anapotugusa. Sisi tuliozaliwa Mtabila au Nyarugusu, kule tuliitwa Warundi. Tuliporudi, huku tunaitwa Watanzania, eti Kirundi chetu kimepinda na Kifaransa hatukijui. Wenzetu waliovuka kutoka Uvira na Baraka wao ni Wakongo tu, hata wakikaa miaka. Juzi tulipokuwa tunafanya mazoezi na magitaa mawili na ngoma ya dumu, mzee mmoja alituambia mgeni aimbe harusi, ya nchi awaachie wenyewe. Tulibishana mpaka giza likaingia. Wengine wetu walisema mzee ana haki, karatasi zetu hazijakamilika, kwa nini tujitafutie matatizo? Wengine wakamtaja Remmy: alikuwa mgeni, na aliimba shida za mtaa aliokuwa anaishi, kwa sababu maji yakikatika Sinza yalikatika na kwake.

Hatukukubaliana. Ila ule wimbo wa foleni ya maji tumeuacha kwenye orodha, na tutauimba kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha ziwani.

Miaka ya mwisho Remmy aligeukia nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Kaseti yetu ya Kifo imekatika katikati, tumeiunga na gundi na bado inaruka. Mwenye nzima, awe Rumonge au Mabanda, aje nayo Jumamosi. Redio tunayo, betri tutachanga.