Ndai Iko P Lakini Inakataa Kuamini? Cheki Hizi Vitu Kabla Fundi Akule Doh Yako

Umepaki, gia iko P, lakini funguo haitoki ama ndai haiwaki. Tulia. Ndai nyingi za otomatiki hujua ziko P kupitia swichi mbili: moja ndogo chini ya mkono wa gia, na ingine kwa giaboksi, inaitwa inhibita. Mkono na giaboksi zimeunganishwa na kebo.

1. Usalama kwanza. Vuta handibreki, weka mawe kwa tairi. Kebo ikiachilia, mkono unaweza kuwa P na giaboksi iko N. Kwa mteremko, ndai itajiendea, so usisimamishe mtu nyuma yake.

2. Kanyaga breki, rudi N, kisha sukuma P mpaka mwisho.

3. Angalia dashibodi. Ikisoma R na mkono uko P, kebo imelegea ama bushi yake imeisha.

4. Jaribu kuwasha ukiwa N, mguu kwa breki. Ikiwaka hapo tu, shida ni kebo ama inhibita. Ikikataa kote, anza na betri.

5. Inawaka fiti lakini funguo imekwama? Shuku ile swichi ndogo. Soda ikimwagika hapo huiharibu. Ndai ya batani nayo hubaki ACC, na asubuhi unapata betri imekufa.

Kwa fundi, itisha daiagnosisi. Kodi P0705 inamaanisha saketi ya inhibita iko na shida. Usiuziwe giaboksi nzima kabla kebo na swichi zichekiwe, msee.