Ugharamiaji Bunifu: Nani Analipa, na Lini?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeteremka stendi ya Kasulu, mkoani Kigoma, na dodoso lenye swali "Umewahi kunufaika na ufadhili bunifu?" atajibiwa bila choyo, ila majibu yatafaa utafiti wa mtu mwingine. Ataelezwa habari za mashirika. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo wilayani humo tangu 1996. Kwa majirani wa Kibondo, Nduta ilifunguliwa upya 2015 kupokea Warundi. Na mwaka 2017 mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa yalianza Mpango wa Pamoja wa Kigoma. Huku mfadhili anajulikana. Huja na gari lenye nembo mlangoni, hutoa, wala haulizi atarudishiwa lini. Neno lenyewe limezaliwa na fadhila.

Wataalamu wanaosema "innovative finance" kwa Kiingereza wana jambo jingine akilini: njia za kupata fedha za maendeleo nje ya kodi, msaada na mkopo uliozoeleka. Msamiati huo ulishika kasi baada ya mkutano wa Monterrey, Mexico, mwaka 2002. Mwaka 2006 Ufaransa ikaanza kuwatoza abiria wa ndege tozo ndogo kwa ajili ya dawa za UKIMWI, kifua kikuu na malaria katika nchi maskini. Tozo hiyo hairudishwi kwa abiria, lakini fedha nyingi zinazobeba jina hili sharti zirudi kwa mwenyewe, tena na riba juu.

Kiswahili kimejaribu tafsiri kadhaa. "Fedha bunifu" ni fupi na inavutia, ila sokoni kitu cha kubuni kina jirani yake anayeitwa bandia, na sidhani kama kuna mtu anataka kulipwa maharage yake kwa fedha za namna hiyo. "Ufadhili bunifu" tumeona unakotupeleka. Mimi nachagua "ugharamiaji bunifu". Wizara ya Fedha imekwisha kulizoesha neno ugharamiaji inapozungumzia njia mbadala za kulipia miradi, na lina gharama ndani yake: ukilisikia, unatafuta mlipaji.

Tanga wanajua mlipaji ni nani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Aliyenunua ameikopesha mamlaka, na atalipwa kutokana na ankara za maji. Njia hiyo haihami kirahisi kwenda Kibondo. Mji mdogo wenye wateja wachache wa maji hauna ankara za kubeba riba ya namna hiyo, na mwekezaji wa Dar es Salaam hanunui huruma.

Kuna pia kile ambacho Kiingereza kinakiita hatifungani ya matokeo, ingawa si hatifungani hata kidogo. Kuanzia 2017, shirika la Village Enterprise liliendesha mradi wa aina hiyo Kenya na Uganda: wawekezaji walitangulia kutoa mtaji, na walipaji wakasubiri hadi mpimaji huru athibitishe kuwa maisha ya kaya yamebadilika. Huo ni mkataba, na jina lake Watanzania tunalo tayari kutoka sekta ya elimu: Lipa Kulingana na Matokeo.

Wakati huohuo watafiti wengi hupita mbele ya sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa bila kulitazama. Ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, ili asipatikane mmoja wa kulifungua peke yake. Kila hisa inayonunuliwa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, hata asiyejua kusoma akahesabu akiba yake kwa kidole. Ukichelewa, faini. Mfuko wa jamii umetengwa pembeni kwa msiba na ugonjwa. Mikopo hutoka kwenye hisa za wenyewe na riba hurudi kwa wenyewe. Mzunguko ukiisha, sanduku linavunjwa, kila mtu na chake. CARE ilianza vikundi vya namna hii Niger mwaka 1991, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka hapa kwetu katika daraja la nne.

Lakini sanduku linalovunjwa kila mwaka halijengi ghala la maharage. Ghala ni kubwa mno kwa sanduku na dogo mno kwa soko la hisa, na hapo katikati ndipo penye utafiti. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hata hivyo halmashauri za vijijini hutegemea sana ushuru wa mazao, kwa hiyo msimu ukiharibika, fungu la mikopo linapungua mwaka uleule ambao mkulima analihitaji zaidi.

Basi ombi langu kwa wanaoandaa tasnifu: kwenye jalada andikeni ugharamiaji bunifu. Kwenye dodoso la Kasulu na Kibondo liacheni kabisa neno hilo; ulizeni fedha zilitoka kwa nani, zinarudi lini, na zisiporudi, ni shamba la nani litakalouzwa.